Delegeti, Ulitumwa na Nani?

Wacha nianze na aibu yangu mwenyewe, ikiisha tuongee historia vizuri.

Miaka michache iliyopita binamu yangu alinipigia simu jioni. "Uko na kitambulisho? Basi inatoka saa kumi alfajiri, kuna mkutano wa wajumbe, nimekuweka." Nimekuweka. Hakuniuliza kama mimi ni mwanachama, na mimi sikumuuliza ni chama gani mpaka nilipokaa kwenye kiti. Nilikuwa nakaa Pipeline, Embakasi, sina kazi, na alikuwa ameniahidi chakula na kitu kidogo cha nauli. Chama sitakitaja, na msijaribu kubahatisha kwa sababu ningeweza kuwa nazungumzia chochote kati ya vingi.

Nilivishwa kadi shingoni: MJUMBE, KITUI, na jina la wadi ya kina Mama. Ni kweli nilizaliwa huko, lakini nilikuwa sijalala huko tangu Krismasi. Ndani ya ukumbi niliinua mkono mara mbili. Mara ya kwanza tulipitisha viongozi wote wa chama kwa pamoja, orodha moja ilisomwa haraka kama majina ya shule kwenye redio. Mara ya pili sijui tulipitisha nini, manake spika ya upande wetu ilikuwa inakoroma. Halafu pilau. Halafu tisheti. Saa tatu usiku nilikuwa nimerudi Pipeline nikijiona mtu wa maana.

Krismasi iliyofuata nilimsimulia Susu kwa majivuno. Susu ni nyanya yangu, mzaa mama, na alikuwa anachambua ndengu kwenye ungo. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza swali moja tu: "Na wewe ulitumwa na nani?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Hilo swali limenisumbua mpaka leo, na ndiyo maana mnasoma hii makala badala ya kuona video yangu ya kupika muthokoi. Shuleni tuliambiwa mjumbe hauawi. Kwa nini hauawi? Kwa sababu maneno si yake, ni ya aliyemtuma. Sasa ukimwondoa yule aliyetuma, unabaki na nini? Mtu mwenye tisheti.

Basi nikaanza kusoma, nikitafuta ni lini watu wa Ukambani walikuwa na wajumbe waliotumwa kweli. Na mfano wa kwanza niliopata, wasee, mnaupita kila mkienda tauni. Muindi Mbingu Street, pale karibu na City Market. Wengi wetu tunajua hiyo barabara kwa maduka na msongamano. Samuel Muindi Mbingu alikuwa kiongozi wa Ukamba Members Association, chama kilichozaliwa 1938 serikali ya mkoloni ilipoamua kwamba Wakamba wana ng'ombe wengi kuliko ardhi, ikaanza kuwachukua na kuwauza kwa lazima. Wakati huo Makueni ilikuwa bado ndani ya wilaya ya Machakos. Mwezi Julai mwaka huo watu walifunga safari mpaka Nairobi, wanaume, wanawake na watoto, zaidi ya elfu mbili, wakapiga kambi Kariokor. Walikuja kumwona Gavana. Gavana akakataa kuwaona huko. Wakakaa kwa wiki kadhaa, hawatoki.

Fikiria hiyo kambi kidogo. Hakuna aliyewaletea basi saa kumi alfajiri. Kila mtu pale alijua ni ng'ombe wa boma gani aliyekuja kuwazungumzia. Mwishowe ilibidi Gavana mwenyewe aende Machakos kuongea nao. Muindi Mbingu alikamatwa akapelekwa uhamishoni Lamu, lakini kabla mwaka kwisha serikali ilikuwa imeachana na huo uuzaji wa lazima. Ungemuuliza yeyote kati yao "ulitumwa na nani?" angekutajia majina mpaka ukachoka.

Sasa turuke hadi kwenye vyama vya uhuru, na hapa ndipo mambo yanaanza kuharibika.

Novemba 1962, Paul Ngei, mmoja wa wale sita wa Kapenguria, aligombana na wenzake wa KANU akatoka na chama chake, African People's Party. Ukambani ikamfuata. Uchaguzi wa 1963 APP ilipata viti 8. Kabla hata bendera ya uhuru haijapandishwa Desemba, Ngei alikuwa amerudi KANU na chama chake kimefungwa. Mimi sijui kama hiyo ilikuwa hekima au la, wazee bado wanabishana. Ila angalia mtindo: mkubwa anahama, eneo zima linahama. Anarudi, linarudi. Huo mtindo tutakutana nao tena.

Machi 1966, KANU ikaita wajumbe Limuru. Huu mkutano kila mtoto wa Kenya anapaswa kuujua. Jaramogi Oginga Odinga alikuwa makamu wa rais wa chama. Wajumbe wakapitisha katiba mpya ya chama: cheo cha makamu mmoja kikafutwa, vikawekwa vyeo 8 vya makamu. Hivyo tu. Hakuna aliyesimama kusema "Odinga nje". Waligawanya kiti vipande 8 na yeye akabaki amesimama. Mwezi uliofuata alijiuzulu serikalini, akaongoza KPU. Na baada ya Limuru, KANU haikufanya tena uchaguzi wa viongozi wake wa taifa mpaka 1978, Mzee Kenyatta alipokuwa ameshafariki. Miaka 12! Wajumbe waliitwa wakamaliza kazi moja, wakarudishwa kwenye sanduku kama mapambo ya Krismasi.

Kuhusu miaka ya Moi nitawapa picha mbili.

Ya kwanza ni mlolongo, Februari 1988. Hakukuwa na wajumbe hapo, mchujo wa KANU ulipigwa na wanachama wenyewe, lakini bila karatasi. Unapanga foleni nyuma ya mgombea wako au wakala wake, unahesabiwa kama mbuzi sokoni. Aliyepita asilimia 70 alikuwa amemaliza, hakuna uchaguzi mwingine kwake. Na nchini kote kulikuwa na malalamiko kwamba mistari mifupi ilitangazwa kuwa mirefu. Susu alipanga foleni hiyo. Anachokumbuka si matokeo, anakumbuka kwamba Babu alikuwa kwenye mstari wa pili, upande wa pili wa uwanja, wakatazamana. "Tulirudi nyumbani kwa njia mbili," anasema. Siku tatu hawakuongea. Mnacheka, lakini fikiria kama yule kwenye mstari wa pili si mume wako, ni chifu.

Picha ya pili ni Kasarani, Desemba 1991. Wakati huo Kenya ilikuwa ya chama kimoja kisheria tangu 1982, kwa kile kifungu cha 2A. Wafadhili walikuwa wamefunga mifuko, mapadri na mawakili wanapiga kelele, vijana wamepigwa Saba Saba. KANU ikaita wajumbe wake Kasarani. Msemaji baada ya msemaji alisimama akapinga vyama vingi kwa ukali, ukabila utaingia, damu itamwagika, tuko sawa hivi. Halafu Moi akasimama, akasema kifungu cha 2A kitaondolewa. Na mkutano ule ule ukakubali.

Nimerudia kusoma hicho kisa mara nyingi kwa sababu ndani yake najiona mimi na mkono wangu. Sisemi wale wazee walikuwa wapumbavu. Walikuja Kasarani wakidhani wanajua bosi anataka nini, bosi akabadilika, wakabadilika naye dakika hiyo hiyo. Kama wangekuwa wametumwa na watu wa nyumbani wangesema "ngoja, hatukutumwa hivyo, wacha turudi tuulize". Hakuna aliyekuwa na pa kurudi kuuliza. Na ajabu ni kwamba uamuzi wenyewe ulikuwa mzuri! Tunaishi ndani yake. Demokrasia yetu ya vyama vingi ilipitishwa na ukumbi uliokuwa umetoka kuipinga asubuhi hiyo.

2002 nitapita haraka. Machi, Kasarani tena, KANU inaungana na NDP ya Raila, na Kalonzo Musyoka wetu wa Mwingi anakuwa mmoja wa makamu wenyekiti wanne. Oktoba, Kasarani tena, wajumbe wanamthibitisha Uhuru Kenyatta ambaye Moi alikuwa ameshamchagua kabla. Siku hiyo hiyo, tarehe 14, Kalonzo na wenzake wako Uhuru Park na umati mwingine, wameshatoka. Charity Ngilu wa Kitui alikuwa tayari upande wa upinzani na kina Kibaki na Wamalwa. Huyo mama nampa heshima yake: 1997 aligombea urais kwa tiketi ya SDP wakati wanaume wengi walikuwa bado wanauliza kama mwanamke anaweza kuwa MCA, cheo ambacho hata hakikuwepo.

Lakini mwaka ninaotaka tukae nao ni 2007.

Chama cha machungwa kilitoka kwenye kura ya maoni ya katiba ya Novemba 2005, ndizi na chungwa, na chungwa likashinda. Wakubwa wa chungwa wakaamua kulifanya chama. Shida ni kwamba kila mmoja alitaka kuwa rais. Ikafika Agosti 2007 wakagawanyika, na hapo ndipo watu walijifunza umuhimu wa karatasi. Cheti cha ODM-Kenya kilikuwa chini ya Daniel Maanzo, wakili ambaye leo ni seneta wa Makueni, na hicho kikabaki na Kalonzo. Kina Raila wakaenda kwa chama kingine, ODM bila Kenya, ambacho kilikuwa kimesajiliwa na wakili Mugambi Imanyara. Sasa tukawa na vyama viwili vya chungwa.

Tarehe 31 Agosti ODM-Kenya ilijaza Kasarani. Kalonzo akapata kura 2,835 za wajumbe, Julia Ojiambo 791, na huyo mama ndiye aliyekuja kuwa mgombea mwenza wake. Kesho yake, tarehe 1 Septemba, uwanja huo huo, ODM. Raila 2,656, Mudavadi 391, na wa tatu na kura 368 alikuwa kijana mmoja wa Eldoret North anaitwa William Ruto. Miaka 15 baadaye huyo wa 368 aliapishwa rais, pale pale Kasarani. Si lazima umpende, lakini ukubali kwamba alirudi nyumbani akijua vizuri sana maana ya kuhesabu wajumbe.

Chukua simu ufanye hesabu nami. Jumlisha kura mbili za ODM-Kenya, ni watu 3,626. Desemba Kalonzo alipata kura karibu 880,000 na akawa wa tatu. Januari 2008 akawa makamu wa rais. Kwa hivyo kila mjumbe aliyepiga kura Kasarani siku ile alikuwa amebeba zaidi ya wapigakura 240. Watu 240! Hiyo ni matatu kumi na saba za watu kumi na nne na abiria wachache wa kusimama. Mimi nilipoinua mkono wangu ukumbini, matatu kumi na saba za watu wa Kitui hazikuwa zimeniambia chochote. Hata hazikujua nipo.

Mtu ataniambia, wewe, tiketi za vyama si kila kitu. Ni kweli kiasi. Makueni 2013 Profesa Kivutha Kibwana alishinda ugavana kwa Muungano, chama kidogo, eneo ambalo kila mtu alisema ni la Wiper. Kitui 2017 Ngilu alimng'oa gavana wa Wiper kwa NARC yake. Watu wetu si kondoo. Lakini hesabu ni mara ngapi hiyo imetokea na mara ngapi mwenye tiketi amelala akaamka mheshimiwa.

Makueni hiyo hiyo ina kitu kinachoniuma zaidi. Upande wa kina Baba, huko karibu na Wote, serikali ya kaunti wakati wa Kibwana ilijenga ngazi za wananchi: kijiji, kundi la vijiji, wadi ndogo, wadi, kaunti ndogo, mpaka kaunti. Watu wanakaa chini ya mti, wanabishana kama ni kisima au zahanati, halafu wanachagua watu wa kubeba neno lao ngazi ya juu. Shangazi yangu alichaguliwa ngazi ya kijiji. Aliporudi kutoka mkutano wa wadi walimkalisha wakamuuliza: ulisema tulichokutuma? Na wakubwa wa kule juu walikujibu nini? Alikuwa na daftari. Kwa hivyo msiniambie watu wetu hawajui kutuma mjumbe. Wanajua sana. Wanamtuma kwa ajili ya kisima, lakini ikifika kuamua nani atakuwa gavana, orodha inatoka kwenye simu ya binamu yangu.

Na msidhani sheria haipo. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011 inasema chama kisajiliwe kikamilifu lazima kiwe na wanachama wasiopungua 1,000, ambao ni wapigakura, katika zaidi ya nusu ya kaunti. Nia nzuri, chama kiwe cha taifa. Matokeo? Juni 2021 Msajili wa Vyama alipofungua mfumo wa kujiangalia kupitia eCitizen, Wakenya kwa wingi walijikuta wanachama wa vyama ambavyo hawajawahi kusikia. Mimi pia. Nilikuwa mwanachama mwaminifu wa chama ambacho hata jina lake ilibidi nilisome mara mbili. Sote tukaanza kufikiria vile vitabu vya askari getini tunavyoandika nambari za kitambulisho kila siku. Nilijiondoa. Inachukua dakika chache, na kama hujawahi kujiangalia, simamisha kusoma uende uangalie, nitakungoja.

Januari 2022 sheria ikarekebishwa na kutaja wazi njia mbili za mchujo: ya moja kwa moja, ambapo wanachama waliosajiliwa wanapiga kura wenyewe, na isiyo ya moja kwa moja, ambapo wajumbe wanaweza kukaa wakaamua. Ile ya kwanza ni ghali na ina fujo, ya pili ni rahisi na inaishia chumbani. Kwa hivyo delegeti si mapambo tena. Kuna mahali ambapo yeye ndiye uchaguzi.

Karatasi, karatasi, karatasi. Mnakumbuka Makueni 2013? Seneta Mutula Kilonzo alifariki Aprili. Binti yake Kethi, wakili ambaye nchi nzima ilikuwa imetoka kumwona kwenye kesi ya urais Mahakama ya Juu, akapewa tiketi ya kurithi kiti. Akazuiwa kwa sababu hakupatikana kwenye sajili ya wapigakura. Kaka yake Mutula Junior akaingia dakika za mwisho na Julai akashinda. Leo ni gavana. Umaarufu wote ule, na kilichoamua ni jina kuwa kwenye kitabu au kutokuwa.

Hapo ndipo nikaamua nitafute kitabu chetu.

Kitui ina wadi 40, Makueni 30. Katika vyama vingi, kila moja ya hizo wadi inatakiwa kuwa na maafisa wa chama na orodha ya wajumbe, pamoja na nafasi za vijana na wanawake. Mwaka huu nimehama Pipeline, nakaa kwa Susu. Nimejisajili chama kimoja kwa hiari yangu, nimehamisha kura yangu ikaja huku, halafu nikaanza kuuliza swali dogo sana: wajumbe wa wadi hii ni kina nani?

Wa kwanza aliniambia niulize katibu. Katibu, baba mpole mwenye duka la vifaa vya shamba, alishangaa mtu kuuliza. Alisema orodha ipo, ni ya siku nyingi, na anadhani wawili wameshakufa. Nafasi ya vijana? Akafikiri. Kuna kijana aliwekwa, lakini yuko Mombasa, au Qatar. Nikamwambia mimi nataka hiyo nafasi, lakini sitaki aniweke. Nataka uitishwe mkutano wa wanachama wa wadi, tupigiwe kura, hata tukiwa kumi. Akaniangalia vile Susu aliniangalia ile Krismasi. Akasema hapingi, ila lazima kwanza mwenyekiti akubali, na kitabu cha wanachama kiko kwa mwenyekiti.

Nilienda kwa mwenyekiti Ijumaa kwa boda, shilingi 200. Mke wake alinipa chai. Mzee amekwenda matanga Mutomo, na kitabu kiko kwenye sanduku lililofungwa, ufunguo anatembea nao.

Nimeambiwa nirudi Jumanne. Susu amesema tutaenda wote wawili.